Je, Wajua? Mji Mdogo Usio na Mji

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, unaweza kuingia kwenye taunshipu ukatoka upande wa pili bila kuona hata duka moja. Ni mahindi, soya na nyumba za wakulima zilizotawanyika. Na bado taunshipu hiyo ni serikali ya mitaa yenye mipaka yake.

Mipaka hiyo ilipigwa kwa rula, kwa mtindo wa sheria ya ardhi ya mwaka 1785: mraba wa maili 6 kwa 6, karibu kilomita za mraba 93, uliokatwa vipande 36. Namba huanzia pembe ya kaskazini mashariki, huenda magharibi, hugeuka na kurudi, kama ng'ombe wa plau. Kipande cha 16 kilitengewa shule. Shida ni kwamba dunia ni tufe: mistari ya kwenda kaskazini hukaribiana kadiri inavyosonga. Ndiyo maana barabara iliyonyooka kama uzi hukata kona ghafla katikati ya shamba. Si mto wala kilima. Ni hesabu inayosahihishwa.

Uongozi ni mwepesi: kwa kawaida wasimamizi watatu, karani na mweka hazina. Lakini kiwango cha kodi huamuliwa na wapiga kura wenyewe. Jumanne ya pili ya Machi hukusanyika, humchagua mwenyekiti wa kikao, kisha hupiga kura. Mtanzania aliyezoea mkutano mkuu wa kijiji asingejiona mgeni, labda kwa baridi tu. Sehemu kubwa ya fedha huishia kwenye barabara za changarawe: kuzichonga kiangazi, kuziondolea theluji kipupwe.