NDUGU DEREVA, SOMA UBAVU WA MPIRA KABLA YA KULIPA

Wewe unayeendesha kamyoneti ya kazi hapa Goma unajua unapita juu ya nini. Nyiragongo ilitapika mwaka 1977, 2002 na 2021. Mwaka 2002 uji wake wa moto ulipita katikati ya mji ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mawe yake hukata kama wembe, na hukata hasa ubavu wa mpira, pale palipo pembamba. Ubavu uliokatwa hauzibwi.

Basi, ukienda kununua mipira usianze na bei. Inama, usome. Baada ya vipimo kuna namba ya uzito: 121 maana yake mpira mmoja hubeba kilo 1450, 112 hubeba kilo 1120 tu. Mpira wa gari dogo unaweza kuingia vizuri kwenye rimu yako, na muuzaji atakuapia. Hesabu magunia, hesabu wenzako walioketi nyuma, halafu fikiri mteremko wa Masisi wakati wa mvua.

Tafuta pia namba nne za mwisho katika mstari wa DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa okazioni wenye meno marefu lakini mzee, wenye nyufa, usiuchukue hata kwa nusu ya bei. Fedha zikikosa kutosha minne, nunua miwili mipya yenye nguvu, uifunge yote nyuma.

Na ule wa akiba? Nao una tarehe yake. Ukaangalie leo.