Kukoroma si kichekesho, huenda moyo unaumia

KATIKA nyumba nyingi kukoroma ni jambo la kuchekwa. Mke hulalamika kwamba mumewe hunguruma kama lori lenye mzigo likipanda mlima, nao watoto wakamwiga baba yao wakati wa staftahi. Wengine huamini kwamba anayekoroma ameshiba na amelala fofofo.

Hata hivyo, kuna aina moja ya kukoroma ambayo haifai kuchekwa hata kidogo. Mtu hukoroma kwa sauti kubwa, kisha ghafla sauti inakatika. Kimya kinaendelea kwa sekunde 10, 20 au hata zaidi. Halafu anashtuka akitweta kama aliyeibuka kutoka majini, anageuka, na kuanza tena.

Ikiwa unalala karibu na mtu kama huyo, unaijua hofu ya kungoja pumzi irudi. Kimya hicho ndicho cha kuogopwa kuliko kelele zenyewe.

Madaktari huita hali hii apnia ya usingizi. Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wanene, wenye shingo nene au taya dogo, koo hulegea hadi likaziba. Kifua hujitahidi kuvuta hewa lakini haipiti.

Koo likiziba mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. Mara 15 hadi 29 ni wa wastani, na kuanzia mara 30 ni mkali. Fikiria basi: mtu anayekatika pumzi mara 30 kwa saa, akilala saa saba, amekabwa mara 210 kabla ya kupambazuka.

Moyo usiopumzika

Kwa kawaida usiku ni wakati wa moyo kupumzika. Mapigo hupungua na presha ya damu hushuka. Kwa mwenye ugonjwa huu mambo ni kinyume. Kila pumzi inapokatika, oksijeni hupungua katika damu. Ubongo hupiga kamsa, mwili humwaga homoni za kujihami, mishipa hujikaza na presha hupanda ghafla.

Isitoshe, nguvu ya kifua kinachovuta hewa isiyopita huzivuta pia kuta za moyo. Miaka ikipita, vyumba vya juu vya moyo hupanuka na mapigo huweza kupoteza mpangilio. Hapo damu huweza kuganda ndani ya moyo, na donge likifika ubongoni huleta kiharusi. Presha nayo, iliyozoea kupanda usiku, hukaa juu hata mchana.

Mnamo 2005, watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu watu 112 waliofariki ghafla kwa sababu za moyo, na ambao usingizi wao ulikuwa umewahi kupimwa. Karibu nusu ya waliokuwa na apnia walifariki kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa wasiokuwa nayo, ilikuwa takriban mmoja kati ya watano.

Presha isiyosikia dawa

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha. Wengine humeza dawa za aina tatu, wamepunguza chumvi, na bado presha haishuki. Ikiwa wewe ni mmoja wao, mweleze daktari wako unavyolala. Akiongeza tembe bila kuuliza habari za usingizi, huenda anatibu nusu tu ya ugonjwa.

Jiulize maswali haya manane, ambayo madaktari wamekuwa wakiyatumia tangu 2008. Je, unakoroma kwa sauti kubwa? Huhisi uchovu au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona ukikatika pumzi usingizini? Una presha? Umenenepa kupita kiasi? Umepita miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40 ukiipima kwa utepe wa fundi cherehani? Wewe ni mwanamume? Majibu matatu au zaidi ya "ndiyo" yanatosha kukupeleka kwa daktari.

Wanawake wasijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume. Hatari huongezeka hedhi inapokoma, na wengi wao hawakoromi sana. Hulalamikia uchovu, kuumwa na kichwa asubuhi au kukosa usingizi, na kwa hivyo hawagunduliwi mapema.

Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo mgonjwa akiwa amelala, hospitalini au nyumbani.

Matibabu

Tiba kuu ni mashine iitwayo CPAP, iliyobuniwa na Dkt Colin Sullivan wa Australia na kuelezwa mwaka wa 1981. Husukuma hewa kupitia kifuniko cha puani ili koo lisizibe. Wengi huanza kuchangamka mchana, na presha hupungua kiasi.

Lakini mashine hii si mbadala wa dawa za moyo. Utafiti mkubwa wa 2016 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na maradhi ya mishipa ya moyo au ya ubongo haukuonyesha kwamba inapunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Wagonjwa hao waliivaa kwa wastani wa saa tatu na ushei tu kila usiku. Kwa hivyo ukipewa, ivae usiku kucha, na usiache tembe zako.

Mashine hiyo si bei rahisi, lakini kuna hatua zisizo na gharama kubwa. Punguza uzito. Usinywe pombe jioni, kwani hulegeza koo zaidi, wala usimeze dawa za usingizi bila ushauri wa daktari. Lala ubavu badala ya chali. Ukijipata chali kila mara, shona mfuko mgongoni mwa nguo ya kulalia na utie mpira mdogo ndani yake.

Na ikiwa unasinzia mchana, usishike usukani hadi utibiwe, hasa wewe unayebeba abiria.

Anayelala hajisikii. Kwa hivyo wewe uliye macho kando yake, usimpige kiwiko na kugeukia ukutani. Mrekodi kwa simu, hesabu sekunde za kimya, kisha mwandamane kwa daktari. Ushahidi wako utamsaidia kuliko maelezo ya mgonjwa mwenyewe.