Mtoto Mgonjwa Sana Anatamani Nini?

Huenda umesikia hapa Dzaleka kwamba kuna mashirika ng'ambo yanayompa mtoto mgonjwa sana kitu chochote anachokitamani. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani akisikia habari hiyo, halali. Anajiuliza: na wangu je, ataandikishwa wapi?

Mashirika hayo yapo kweli. Linalojulikana zaidi ni Make-A-Wish, lililoanzia jimbo la Arizona, Marekani, mwaka 1980. Mtoto wa miaka 7, Christopher Greicius, alikuwa na saratani ya damu, na alitamani kuwa polisi. Mwezi wa Aprili mwaka huo polisi wa Arizona walimrusha kwa helikopta, wakampa sare ya kipimo chake, wakamwapisha kuwa polisi wa heshima. Alifariki tarehe 3 Mei. Waliomjua wakaona watoto wengine nao wapewe nafasi kama hiyo, na leo shirika hilo linafanya kazi katika nchi karibu 50. Afrika Kusini nako kuna Reach For A Dream, tangu mwaka 1988.

Wengi hudhani mashirika haya ni ya watoto wanaokufa tu. Sivyo. Watoto wengi waliotimiziwa matamanio yao walipona, wakawa watu wazima. Mtoto mwenyewe ndiye anayesema anataka nini, daktari anathibitisha ugonjwa, na familia hailipi hata senti.

Hapa kambini hayana ofisi. Kwa hiyo mtu akikujia na fomu ya "kutimiza ndoto ya mtoto", akakuomba kwacha za kuiandikisha, au akakuambia kwamba fomu hiyo itaipeleka familia nzima Kanada, usimpe pesa wala picha ya mtoto. Huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure. Mwenye kuziuza ni mwizi.

TIBA KWANZA

Mtoto aliyevimba taya au tumbo, mwenye mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, au mwenye homa isiyoisha huku anapauka na kutokwa damu, asingojee. Mlete katika kituo cha afya cha Dzaleka apimwe, na ikibidi aandikiwe rufaa. Hospitali ya Kamuzu Central mjini Lilongwe ina madaktari wa saratani za watoto. Mpango wa Global HOPE unafanya kazi huko tangu mwaka 2017. Kabla ya hapo, mwaka 2006, kituo cha Baylor kilikuwa kimefunguliwa kwa ajili ya watoto wenye virusi vya UKIMWI.

Uvimbe wa taya unaweza kuwa saratani inayoitwa Burkitt, kwa jina la daktari aliyeieleza kutoka Kampala mwaka 1958. Inakua haraka mno, kwa siku na si kwa miezi. Lakini inasikia dawa. Na hapo ndipo wazazi wengi wanapojikwaa: baada ya dawa za kwanza za mshipani uvimbe unanywea, mtoto anacheza, mama anafikiria nauli ya minibasi na watoto aliowaacha nyumbani, basi harudi tena Lilongwe. Saratani inarudi, na safari hii inasumbua zaidi kutibu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Kuchelewa kuja na kuacha dawa katikati ni sababu mbili kubwa za tofauti hiyo. Kama nauli au chakula cha wodini kinakushinda, sema mapema kwa mhudumu wa afya. Usikae kimya mpaka tarehe ipite.

TUWAULIZE

Helikopta hatuna. Swali tunalo. Ni mara ngapi tumemwuliza mtoto aliyelala wodini wiki tatu anataka nini? Sisi wazazi huwa tunajibu kwa niaba yake. Ukimwuliza kwa upole, ukanyamaza, huenda akakuambia anataka kusikia sauti ya bibi yake wa Bukavu kwenye simu. Au anataka sombe ya nyumbani, kwa sababu nsima ya hospitali imemchosha. Mwingine atataka jezi ya TP Mazembe, mwingine kukaa darasani asubuhi moja na wenzake, hata bila kuandika. Mengi ya haya jirani wawili wanaweza kuyafanya. Chakula kutoka nyumbani, hata hivyo, mwulize nesi kwanza, kwa kuwa dawa za saratani hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu.

Mtoto naye anaweza kuuliza: "Mama, nitakufa?" Kwetu ni desturi kumficha. Lakini anaona unavyolia mlangoni, na akikosa wa kumwuliza anabaki na hofu peke yake. Mjibu kwa maneno machache ya kweli, au mwombe nesi akae nawe.

Na kama anachokitaka ni maumivu yaishe, hilo lisingojee. Morfini ya kunywa, ikipimwa na daktari, si dawa ya kummaliza mtu kama wengine wanavyosema. Inamwezesha kulala, kula na kucheza. Ikiwa saratani haiponi tena, bado ana haki ya kuipata.

Siku ya kwenda Lilongwe chukua barua ya rufaa, kitambulisho chako cha mkimbizi na kijitabu cha afya cha mtoto. Nyuma ya kijitabu, kwenye ukurasa mtupu, andika kile mtoto alichokuambia anakitaka, kwa maneno yake mwenyewe, ili anayekupokea zamu wodini akisome.