Fahamu: Kwa nini dawa za TB huachwa njiani Tunduma
Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu (TB) ni miezi 6: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Dawa ni bure. Tatizo ni kwamba nafuu huja mapema. Kikohozi kikikata, mtu hujiona kapona, kumbe vimelea bado vimo. Wengine hutishwa na mkojo mwekundu, ambao ni rangi tu ya rifampisini. Wengine, hamu ya kula inarudi na jikoni hakuna kitu.

Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani, ina lake: dereva wa lori au mchuuzi akivuka kwenda Nakonde, Zambia, faili lake hubaki kliniki. Kabla ya safari aombe dawa za kumtosha na barua ya uhamisho. Dozi ikikatizwa, vimelea vinaweza kuwa sugu kwa dawa, na tiba huwa ngumu zaidi.