Bunduki moja, risasi za geji nne: manufaa na hatari yake

Katika viwanja vya kulenga shabaha nchini Marekani, si jambo geni kumwona mtu mwenye bunduki moja akifyatua risasi za ukubwa wa aina nne katika siku moja.

Siri yake ni adapta, kifaa cha chuma kinachoingizwa ndani ya mtutu ili bunduki iliyoundwa kwa risasi kubwa iweze kupokea risasi ndogo.

Kifaa hicho kina manufaa yake. Lakini mwenye kukitumia hulazimika kuwa na risasi za ukubwa tofauti karibu yake, na hapo ndipo penye hatari inayoweza kumgharimu mtu vidole, macho au hata maisha.

Geji maana yake nini?

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile ya marisau, ambayo kila risasi yake hubeba punje nyingi ndogo ndani ya ganda moja.

Upana wa mtutu wake hupimwa kwa geji. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe katika vigololi 12 vilivyo sawa. Upana wa kigololi kimoja, takriban milimita 18.5, ndio upana wa mtutu wa geji 12.

Ukiigawa ratili hiyo katika vigololi 20, kila kimoja kitakuwa na upana wa milimita 15.6, na huo ndio mtutu wa geji 20. Ndiyo maana kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba.

Namba 410 pekee haifuati hesabu hiyo. Yenyewe ni upana halisi wa mtutu kwa sehemu za elfu za inchi, sawa na takriban milimita 10.4.

Mchezo wa skeet

Adapta zilipata umaarufu mkubwa kutokana na skeet, mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa angani, ulioanzishwa katika jimbo la Massachusetts katika miaka ya 1920.

Mashindano ya Marekani ya mchezo huo yana vitengo vya geji 12, 20, 28 na 410. Kumiliki bunduki nne ni gharama, na kila moja huwa na uzito na mkao wake begani.

Kwa kutumia mirija ya kuingiza, mchezaji hubaki na bunduki aliyoizoea, akabadilisha mirija tu. Kwa anayejifunza, risasi ndogo pia hupunguza mshtuko begani: risasi ya geji 12 mchezoni aghalabu hubeba gramu 32 za marisau, ilhali ya geji 28 hubeba takriban gramu 21, na ya 410 gramu 14.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni mrija mrefu unaokaribia urefu wa mtutu wote, ambao huyaongoza marisau hadi mwisho. Ya pili ni adapta fupi inayokaa katika chemba tu, yaani mahali ganda linapowekwa. Hii ni nyepesi, lakini marisau yakitoka ndani yake huingia katika mtutu mpana kuliko yalivyokusudiwa, nguvu ya moshi ikavuja pembeni na marisau yakatawanyika mapema.

Kwa kawaida vifaa hivi hutumika katika bunduki za kukunja, ambazo mtutu wake huinamishwa ili kuweka risasi. Bunduki zinazojipakia zenyewe zimeundwa kulisha ganda la ukubwa mmoja.

Kosa la geji 20

Hatari kubwa kuliko zote hutokea pale adapta inapokuwa imetolewa, lakini risasi ya geji 20 ikabaki mfukoni.

Ukingo wa ganda la geji 20 una upana wa takriban milimita 19.5. Chemba ya geji 12 ina upana wa zaidi ya milimita 20, kwa hiyo ganda hilo halizuiliki nyuma, bali huteleza ndani. Mtutu wenyewe, ambao ni milimita 18.5, ni mwembamba kuliko ukingo huo, na ganda hukwama mbele ya chemba.

Mlengaji akivuta kifyatulio, hakuna kinachotokea. Akikunjua bunduki, chemba ni tupu. Hudhani alisahau kuijaza, akaweka risasi ya geji 12 nyuma ya ile iliyokwama. Akifyatua tena, mtutu unaweza kupasuka karibu kabisa na mkono unaoushikilia.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa Marekani na Ulaya hulipaka ganda la geji 20 rangi ya manjano, na rangi hiyo haitumiki kwa geji nyingine.

Tahadhari

Hata hivyo, rangi haisaidii pale mkono unapopapasa mfukoni bila jicho kuangalia. Kanuni inayofundishwa viwanjani ni kubeba mfukoni risasi za geji moja tu, na kuziondoa zote kabla ya kubadilisha au kutoa adapta.

Bunduki isipolia, subiri kwanza huku mdomo wake ukielekea mahali salama. Kisha ikunjue, ondoa risasi, na utazame kutoka upande wa chemba kama mwanga unapita mtutu mzima.

Aidha, adapta haiifanyi bunduki mbovu kuwa salama. Bunduki kuukuu yafaa ikaguliwe kwanza na fundi. Nchini Uingereza, kazi ya kupima uimara wa mitutu imekuwa ikifanywa na taasisi maalumu za London na Birmingham, na ile ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813.

Kutazama ndani ya mtutu huchukua sekunde chache tu. Mkono uliojeruhiwa na mtutu uliopasuka haurudi ulivyokuwa.