Mwendo wa Nuru

Tangu zama za kale wanazuoni walihitilafiana juu ya nuru, kama husafiri au hufika papo hapo, na Ibn al-Haytham wa Basra, takriban miaka elfu moja iliyopita, alikuwa miongoni mwa waliosadiki kwamba huchukua muda, ijapokuwa muda huo ni mchache usiodirikiwa na macho. Ushahidi ulikawia hadi mwaka 1676, huko Paris, Ole Rømer wa Denmark alipobaini kuwa Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, ulizidi kuchelewa kuchomoza kivulini kadiri dunia ilivyojitenga na sayari hiyo.

Lakini jaribio linalonistaajabisha kuliko yote ni la Mfaransa Hippolyte Fizeau, mwaka 1849, kwani alilifanya papa hapa ardhini. Katika nyumba ya baba yake huko Suresnes aliweka gurudumu lenye meno 720, akapitisha nuru ya taa katika pengo la meno mawili, ikaenda ikapiga kioo kilichokuwa Montmartre, umbali wa mita 8,633, ikarejea. Gurudumu lilipozunguka taratibu, nuru ilirudi kwa pengo lile lile naye akaiona. Alipolihimiza hata likafikia mizunguko 12.6 kwa sekunde, jino lilikuwa limekwisha kushika mahali pa pengo kabla nuru haijawasili, na mbele ya jicho lake pakawa giza. Kwa giza hilo alihesabu takriban kilomita 315,000 kwa sekunde, na kosa lake lilikuwa kama sehemu tano tu katika mia.

Mwaka 1905 Einstein alishika kauli ngumu zaidi: mtu aikimbilie taa au aikimbie, nuru yake humfikia kwa mwendo ule ule. Vipimo navyo vikaendelea kunyooka, hata ikadhihirika kwamba shaka iliyosalia haikuwa ya nuru, bali ya mita yenyewe iliyotumika kuipimia. Kwa hiyo mwaka 1983 wajumbe wa mataifa waliokutana Ufaransa walikata shauri, kwa hekima kubwa kwa maoni yangu, kuwa mwendo wa nuru mahali patupu ni mita 299,792,458 kwa sekunde, bila kuzidi wala kupungua, na mita iwe ni masafa ambayo nuru huyakata katika sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 299,792,458.

Ndiyo maana leo anayetaka kujua umbali wa mwezi huelekeza mwale wa leza kwenye vioo vilivyoachwa huko na wasafiri wa Apollo 11 mwaka 1969, akangoja kama sekunde mbili na nusu mwale urudi, kisha akaugeuza muda huo kuwa mita.