Shamba la Zabibu ni la Nani?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya Hombolo, kule Dodoma kwenye zabibu. (Habari ya mvinyo tuiache, hiyo ina siku yake.) Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katikati kuna kupogoa, kupalilia na kupiga dawa. Mke yumo katika kazi hizo zote, lakini shamba huitwa la mume. Akifariki, ndipo maneno huanza.

Kwa Waislamu jibu hutoka upesi, hata kabla ya arobaini: mjane mwenye watoto apewe thumni, yaani sehemu moja ya nane. Ni kweli, imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 12. Lakini thumni ya nini? Mirathi hugawa mali ya marehemu, haigawi mali ya mkewe. Na aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inamtambulia mwanamke fungu katika alichochuma. Chukua ekari nane. Zikiwa zote za mume, mjane ana ekari moja. Nusu ikiwa ni jasho lake, ana nne zake, na nusu ekari ya urithi juu yake.

Wapo watakaosema haya ni ya Wazungu. Katika karne ya 16, kwenye milima ya Ghomara huko Morocco, mwanazuoni Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba mke anayefanya kazi shambani ana fungu lake katika mazao. Yeye alikuwa Maliki, nasi wengi wetu ni Shafi. Basi Mashafi hawamlazimishi mke hata kupika, sembuse kupalilia zabibu!

Serikali nayo ina Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwani ilionekana alikwisha kutapanya fedha za mumewe. Hata hivyo kesi hiyo hutajwa mahakamani hadi leo. Kasoro ni kwamba kifungu chenyewe, cha 114, kinahusu talaka na utengano. Hakisemi lolote juu ya kifo.

Kwa hiyo mjane hubaki na ushahidi wake tu. Mume aliye hai na aandikishe jina la mkewe kwenye karatasi za shamba sasa, mbele ya mashahidi, wakiwamo ndugu zake mwenyewe.